Mama Injinia Kwenye Foleni ya Mikate

Mageni aliporudi kutoka machimboni, Nyamizi aliletewa mkate. Ulikuwa mkate mrefu uliofungwa kwenye gazeti, wa tangu juzi lakini laini bado, na Nyamizi akaupokea kwa mikono miwili, maana jirani yake huyo hakuwa mtu wa kutoa ovyo. Mageni aliuza mitumba. Aliizungusha kote kwenye dhahabu, Geita, Nyarugusu, Katoro, kisha akarudi kwao Maganzo na mifuko mitupu na habari tele.

"Mwanao ana mkono mzuri," alisema.

"Mwanangu yupi?"

"Masalu. Kwani una mwingine? Huo mkate kauoka yeye. Katoro nzima inakula kwake."

Nyamizi alicheka mpaka akalazimika kuuweka mkate chini. "Umefananisha watu wewe. Masalu yuko Mwanza, ofisini. Ni injinia."

"Mama Masalu, mtoto yule nimemwona akitambaa. Ameniamkia, ameniuliza habari zako. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi."

Kicheko kilimkauka Nyamizi mdomoni.

Ili mtu aelewe uchungu wake, ni lazima amjue Nyamizi alikuwa nani hapo Maganzo. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mumewe, marehemu Jilala, ndiye aliyesoma mpaka darasa la nane na kuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Jilala alipofariki, Nyamizi aliapa kwamba mtoto wake atampita baba yake. Akalima pamba, akapika pombe ya mtama, na palipopungua akauza ng'ombe. Zizi lilizidi kuwa wazi kadiri Masalu alivyozidi kupanda, sekondari, kidato cha sita, mpaka Chuo Kikuu, Mlimani. Siku aliporudi na digrii ya uhandisi, ngoma zilipigwa hadi watu wa Mwadui wakauliza kuna nini. Tangu siku hiyo jina lake likabadilika. Ukimwita Mama Masalu aligeuza shingo. Ukimwita Mama Injinia aligeuka mwili mzima.

Sasa injinia huyo anauza mikate!

Alikesha siku kadhaa kwa hasira. Asubuhi moja alifunga kanga mbili na unga wa safari, akapanda basi la Shinyanga, akaunganisha hadi Kahama. Toka Kahama alipata nafasi kwenye lori lililobeba saruji, wakapita Masumbwe, wakapita Ushirombo, na vumbi lile lote alilimeza akiwa anapanga hotuba. Hotuba ilianza kwa ng'ombe wa kwanza kuuzwa, aliyekuwa na baka jeupe kwenye paji la uso, na ilitaja kila ng'ombe kwa rangi yake. Ilikuwa hotuba nzuri. Dereva wa lori, aliyeisikia yote, alisema angekuwa yeye ndiye Masalu angelia.

Katoro alishushwa sokoni. Hakuhitaji kuuliza njia, kwa kuwa harufu ya mkate ilimshika pua ikamwongoza. Nyuma ya maduka ya vitenge aliona banda la mabati, na mbele yake watu wamejipanga. Wachimbaji walikuwapo wenye udongo mwekundu mpaka masikioni, kina mama wenye ndoo vichwani, na hata Mzee Liaquat, mwenye duka kubwa la unga, alikuwa kwenye mstari na kofia yake nyeupe. Nyamizi aliwapita wote kwa mwendo wa mtu mwenye hotuba.

"Shikamoo, mama," alisema msichana aliyekuwa akihudumia, mrefu, macho makali, mikono ikifunga mikate bila kuiangalia.

"Marahaba. Nataka —"

"Foleni inaanzia kule nyuma, mama yangu. Hapa hata mkuu wa wilaya anapanga foleni."

Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya. Nyamizi, ambaye hakuna mtu aliyemwamuru kitu kwa miaka mingi, alijikuta anarudi nyuma kusimama nyuma ya Mzee Liaquat.

"Unga wangu," mzee huyo alimwambia kwa fahari, akionyesha kidole. "Mimi namuuzia unga, yeye ananiuzia mkate. Mke wangu Zahida hataki mwingine siku hizi. Tunasubiri mkate wa Injinia kama watoto."

"Mkate wa nani?"

"Injinia. Huoni kibao?"

Nyamizi hakujua kusoma kibao. Lakini foleni nzima ilikuwa ikilitaja jina hilo: Injinia leo kachelewesha skonzi, Injinia kaongeza hamira, Injinia anajenga oveni ya pili. Hotuba yake ikaanza kumponyoka kipande kwa kipande. Alipofika mbele alikuwa amebaki na yule ng'ombe mwenye baka tu, na hapo Masalu akatokea nyuma ya banda na trei ya moto mikononi.

"Mayu! Mama!" alipiga kelele, trei ikayumba, na yule msichana akaidaka upande wa pili kabla mkate hata mmoja haujadondoka.

Nyamizi aliwekwa kwenye kiti, akapewa chai na skonzi. Alisema hana njaa, akala tatu. Mchana wote alikaa hapo akimtazama yule msichana, ambaye jina lake lilikuwa Bhoke, Mkurya wa Tarime. Alimpenda. Msichana alikuwa na neno kwa kila mtu. Mchimbaji mmoja alipotaka mkate wa bure kwa kuwa kesho atapata dhahabu, Bhoke alimwambia basi aje ale kesho, na mchimbaji mwenyewe akacheka. Nyamizi alijisemea kwamba mwanawe angalau amejua kuchagua mfanyakazi.

Jioni, wakila ugali na dagaa, Masalu akakohoa.

"Mama, Bhoke si mfanyakazi. Banda hili ni letu sote wawili. Na tunataka kuoana."

Nyamizi aliweka tonge chini. Alimgeukia Bhoke, na swali likamtoka bila kupita kichwani.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Darasa la nne, mama."

"La nne?"

"Na hilo la nne lenyewe tulikuwa tunavutana. Shule ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa karibu."

Hotuba yote ilirudi. Nyamizi alisema juu ya zizi, juu ya Mlimani, juu ya kanzu nyeusi na ile kofia bapa ya siku ya digrii. Alisema injinia anaoa mwalimu, anaoa nesi, ikimbidi anaoa karani, lakini haoi darasa la nne. Masalu aliinamisha kichwa. Bhoke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Samahani, mama. Na wewe ulisoma mpaka wapi?"

Nyamizi alinawa mikono, akasema amechoka na safari, akaenda kulala.

Swali lile lilikuwa limempiga pale ambapo pigo la zamani halijapona vizuri. Alimkumbuka mama mkwe wake, mwanamke mnene aliyekaa mlangoni miaka ile na kusema mbele ya watu: "Mwanangu Jilala anaandika barua kwa Kiingereza. Atamwoaje msichana asiyejua hata kushika kalamu? Watazungumza nini hao?" Nyamizi alilia siku ile. Na leo maneno yaleyale, karibu kwa mpangilio uleule, yametoka kinywani mwake.

Asubuhi aliamshwa na ugomvi. Alitoka haraka, akidhani ni yeye aliyeuleta. Nyuma ya banda aliwakuta Masalu na Bhoke mbele ya ukuta uliochorwa mistari ya mkaa.

"Bomba la moshi liwe huku," Masalu alikuwa akisema. "Kwa hesabu, moto utavutwa vizuri."

"Na moshi utakwenda wapi? Utawaingia wateja. Hesabu yako haijui upepo wa mwezi wa saba."

"Upepo nao una hesabu yake."

"Basi uupigie hesabu kabla haujatufukuzia watu."

Bhoke alifuta mstari kwa kiganja, akachora wake. Masalu aliutazama kwa muda, akashika kidevu.

"Hapa umenishinda. Lakini hapa juu hapana, joto lote litatoka."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Bhoke akakunja uso, akauliza, akabisha tena, kisha akasema, "Haya, hapo nimeelewa," wala hakukasirika, wala Masalu hakujivuna. Nyamizi alisimama pale mlangoni na moyo wake ukawa mwepesi ghafla. Alikuwa ameisahau sauti hii. Jilala, akirudi kutoka kiwandani, alikuwa hataki mwanamke wa kumwitikia ndiyo tu. Alikuwa anakaa na kubishana naye: bei ya pamba itapanda au haitapanda, dunia inazunguka au jua ndilo linalozunguka. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Wala hawakukosa la kuzungumza hata siku moja, karani wa darasa la nane na mwanamke asiyejua hata a. Tangu afe, watu walimheshimu Mama Injinia, wakamwitikia ndiyo kwa kila kitu, na hakuna aliyembishia.

"Kwa nini msiiweke oveni katikati ya banda?" akasema kwa sauti. "Joto lisipotee."

Waligeuka wote wawili.

"Itachoma paa, mama!" walisema kwa pamoja.

"Toboeni paa."

"Na mvua?"

"Mvua itazima ule moto unaochoma paa."

Bhoke alicheka mpaka akakaa chini, na Masalu akamfuata. Nyamizi alijua kwamba amekosea, lakini hakuacha. Alitetea oveni yake ya katikati mpaka maji ya uji yakachemka yakamwagika, na alipokubali kushindwa alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu atoke Maganzo.

Baadaye, alipobaki peke yake na mwanawe, alimuuliza kwa nini alimficha.

"Walitupunguza ofisini, mama, nusu nzima. Nilitaka kukuandikia. Lakini barua zako anazisoma katekista. Maganzo nzima ingejua kabla yako."

Hilo lilikuwa kweli, Nyamizi hakuweza kulikataa.

"Basi shule yote ile imekwenda bure?"

"Haikwenda bure. Oveni ile nimeijenga mwenyewe, na inakula kuni kidogo kuliko zote za mji huu. Shule ndiyo iliyonipa oveni. Lakini mkate ulitoka mweusi nje na mbichi ndani mpaka Bhoke alipokuja kununua, akaonja, akautema mbele yangu. Nikamwambia, basi oka wewe. Akaoka."

"Akautema?"

"Mbele ya watu, mama."

Nyamizi alitikisa kichwa. "Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "tutakwenda Tarime lini?"

Walikwenda pamba zilipoanza kupasuka. Baba yake Bhoke, Mzee Gesase, aliwapokea vizuri, akawakalisha, akawapa maziwa. Kisha akamtazama Masalu toka viatuni hadi kichwani.

"Nimesikia kijana ana digrii," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama ng'ombe ana kikohozi.

"Anayo, mzee," Nyamizi alijibu kwa fahari.

"Hapo ndipo penye tatizo. Mpwa wangu anayo moja. Amekaa kwangu tangu mwaka juzi anasubiri kazi inayomfaa. Jembe halimfai. Duka halimfai. Ng'ombe nao ananiambia hakusomea ng'ombe. Mimi nilitaka binti yangu apate mtu wa kazi."

Nyamizi alimwaza Bhoke, aliyekuwa jikoni kwa mama yake akisikiliza kila neno. Akavuta kiti mbele.

"Mzee wangu, alisoma, sikatai. Lakini alianza akiwa mtoto mdogo, hakujua. Sasa hivi anaamka na jogoo, anakanda unga kama mtu mwingine yeyote. Ukikaa naye siku nzima hutajua kama alisoma."

Masalu alishikwa na kikohozi cha ajabu, akainamia kikombe chake cha maziwa. Kutoka jikoni kulisikika kitu kikianguka na mtu akicheka.

"Hebu lete mikono, mura," Mzee Gesase alimwambia kijana.

Masalu akainyoosha. Mzee aliikagua, akapitisha kidole kwenye makovu ya moto, moja baada ya jingine, mpaka kwenye viwiko.

"Makovu haya ni ya digrii?"

"Ya oveni, baba."

"Ah," mzee alisema, na uso wake ukafunguka. "Basi tuongee habari za ng'ombe."

Waliongea habari za ng'ombe mpaka jua likaanza kuteremka, na aliyeongea zaidi alikuwa Nyamizi. Mzee Gesase alipandisha, yeye akashusha. Mzee akataja mila, yeye akataja urefu wa safari. Mzee akasema binti yake ana akili, yeye akasema hilo analijua kuliko yeyote, ndiyo maana amekuja, lakini akili haiongezi ng'ombe, ingekuwa inaongeza, zizi lake lingekuwa limejaa. Mzee alipiga paja akacheka, na hapo wakapatana.

Walioana mwezi wa nane, pale Katoro. Mageni alikuja kutoka Maganzo na nguo mpya za kuuza, akasahau kuziuza. Mzee Liaquat alileta unga wa keki bila kudai kitu. Bhoke alichelewa kanisani, kwa sababu alikataa mtu mwingine yeyote kuitoa keki yake kwenye ile oveni mpya, na wageni wakaanza kunong'ona. Masalu hakuwa na wasiwasi. Alisimama mbele na suti yake, akinusa upepo kutoka upande wa banda, na alipoipata ile harufu aliyokuwa akiingoja akamgeukia mama yake.

"Imeiva," alisema. "Anakuja sasa hivi."