Bastola ya Mwarobaini

Rosalia alishuka kwenye bodaboda mbele ya kituo cha polisi, vumbi la mbao likiwa bado limemganda nyusini. Hakulia. Angelia baadaye, Felix akishatoka.

"Karibu, mama," alisema Sajini Lewa pale kaunta.

"Afande, mnaye mwanangu Felix. Mmemshika na bastola ya mchezo wa shule."

"Ya mchezo! Ilipochungulia kwenye begi lake pale steji ya matatu, watu walitimua mbio, hata muuza viazi akaacha karai motoni. Kisha wakarudi na mawe. Sisi ndio tuliomtoa mikononi mwao. Shukuru Mungu."

Bastola yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya bahasha ya kaki, mdomo wake mweusi ukitokeza nje.

Rosalia aliijua. Katika banda la wachongaji la Changamwe, Musyoka ndiye aliyekuwa akichonga vinyago na Rosalia ndiye aliyekuwa akivimalizia: msasa, rangi ya viatu, kisha kitambaa mpaka kinyago king'ae. Wageni hununua cheusi. Mti mweupe hulala rafuni mwaka mzima. Kwa hiyo mwalimu Oduor alipotunga mchezo kuhusu jinsi bunduki zinavyomaliza vijana wa mtaani, na Felix akapewa nafasi ya jambazi, Musyoka alimchongea bastola ya mwarobaini wakati wa chakula cha mchana.

"Mpe hivihivi, mama Felix," alisema Musyoka. "Ni mchezo wa watoto."

"Kitoke mkononi mwangu kikiwa cheupe? Watasema nimezeeka."

Akachanganya masizi ya sufuria na rangi ya viatu, akapaka, akasugua, akapaka tena. Felix alipoishika alicheka. "Mama, hata mimi naiogopa!" Siku hiyo Rosalia alitembea kifua mbele.

Sasa alitoa simu akampigia Oduor.

"Mwalimu, njoo kituoni useme neno moja tu, kwamba wewe ndiye uliyemwagiza."

Oduor alishusha sauti. "Mama Felix, mchezo ule haujapitishwa. Mwalimu mkuu alinikataza mambo ya bunduki. Nikija huko, kazi sina. Nina watoto."

"Na mimi nina nini?"

Simu ilikatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Rosalia akarudi kaunta. Haya, atajitetea kwa kazi yake mwenyewe. Aliomba bastola, akatoa ufunguo wa nyumba, akakwaruza mpini. Mti mweupe ukatokea.

"Unaona, afande? Mwarobaini! Nimepaka mwenyewe. Masizi kwanza, halafu rangi ya viatu, tabaka juu ya tabaka, hadi ukiiona utaapa ni chuma. Hata wachongaji wa banda letu walidanganyika."

Lewa hakumkatiza. Rosalia alipomaliza, Lewa aliirudisha bastola kwenye bahasha.

"Mama, tangu tulipoishika tulijua ni mti. Uzito wake tu ulitosha. Shtaka si bunduki. Shtaka ni kubeba kitu kilichotengenezwa kifanane na bunduki. Na kuna watu wawili wamekuja wakisema kijana mwenye bastola nyeusi aliwapora simu wiki hii."

"Felix? Felix alikuwa shuleni!"

"Huenda. Lakini hakimu atauliza kama ilifananishwa kwa makusudi. Umenijibu mbele ya maaskari wote hawa."

Rosalia aliwatazama maaskari kwenye benchi. Mmoja alikuwa akisoma gazeti. Mwingine aliangalia pembeni.

"Basi nifungeni mimi. Mimi ndiye niliyepaka."

"Hukukutwa nayo wewe, mama."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba basi la mwisho limeshaondoka. Kisha akamruhusu ampelekee mwanawe chakula.

Felix alikuja kwenye vyuma vya seli, jicho moja limevimba, shati la shule limechanika begani.

"Mwalimu anakuja?"

"Ana kazi."

"Umewaambia ni mti?"

"Nimewaambia. Nimewaonyesha."

"Wameona?"

"Wameona vizuri."

Uso wa kijana ukafunguka. Kwa mara ya kwanza akatabasamu, na mdomo uliopasuka ukaanza kutoka damu tena. "Basi natoka leo."

Rosalia alimpitishia chapati kati ya vyuma. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Alivifuta kwenye leso, vikabaki vyeusi. Akavikunja.

"Kula kwanza, baba," alimwambia.