Adhabu ya Kiporo

Fundi alicheka kwanza. Hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye kuliko mengine yote. Alikuwa amemtajia mteja bei ya geti kwa simu, mteja ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana, na mteja akajibu kwa stika: mwanamume mdomo wazi kama pango, macho yamefumbwa, kamasi inachungulia, na chini yake maandishi mekundu, NIMEKWISHA. Fundi akacheka, akaweka simu juu ya meza ya chuma, akachukua nondo. Kisha akaiweka nondo chini, akaichukua simu tena.

Lile shati lilikuwa lake. Ile pua ilikuwa yake, na ya baba yake kabla yake. Na ule mdomo ulikuwa umefunguka namna ile siku moja tu katika utu uzima wake, makaburini, jeneza la mama yake lilipoanza kushuka.

Akampigia mdogo wake wa kike.

"Nimeshaiona, kaka," dada akasema kabla hajaulizwa vizuri. "Ina muda sasa. Nilikuwa naomba Mungu isikufikie."

"Iko wapi?"

"Uliza haiko wapi. Hata kundi la wazazi wa shule ya mwanangu wanaitumia. Mwalimu akitaja michango, wanakutupia wewe."

Fundi alikata simu. Alizima mashine ya kuchomelea, akakaa juu ya kreti la soda, akaivuta ile stika kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo. Aliyeitengeneza alikuwa ameikata picha kufuata kichwa na mabega, lakini kazi ya haraka haikosi makovu. Juu, karibu na sikio, palibaki kipande cha njano. Ulikuwa ukingo wa mwavuli uliomfunika mpiga picha. Siku ile kulikuwa na manyunyu, na mwavuli wa njano ulikuwa mmoja tu, wa shangazi yake, aliyesimama ng'ambo ya kaburi. Shangazi simu yake ni ya tochi, haipigi picha. Na mwavuli hakuushika yeye, miguu ilikuwa haimwezi siku ile. Aliyemshikia na kumwegemeza, watu wakamsifu kwa utu, alikuwa Meneja.

Meneja alikuwa na duka la simu mtaa wa pili, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ndiye pia aliyeanzisha kundi lao la mtandaoni, Mbavu Sina, la marafiki wa miaka mingi ambao kazi yao humo ilikuwa moja: kuokota vituko huko mitandaoni na kuchekeshana navyo. Paka anayeogopa tango. Mchungaji aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Kibao barabarani kilichoandikwa "Usikojoe hapa, kojoa kwa jirani". Humo walikuwemo Dereva wa lori, Mama Saluni, Fundi mwenyewe na wengine wachache wa kucheka tu.

Kundi lilikuwa na sheria, na sheria ilitungwa na Meneja. Anayeleta kitu ambacho kilishaletwa humo, ameleta kiporo. Aliyemkamata anamchagulia picha, naye anaiweka kwenye profaili yake wiki nzima, bila maelezo, watu wote wanaomjua waione. Dereva aliwahi kuvaa nyani wiki nzima, bosi wake akamuuliza anamaanisha nani. Anayekataa adhabu anatolewa. Meneja peke yake hakuwahi kukamatwa. Alijisifia hilo kama mtu anayesifia meno yake.

Siku mbili tatu Fundi alifikiria kwenda dukani na nyundo. Aliifikiria kwa raha, kioo kimoja baada ya kingine. Lakini akajua itakavyokwenda. Meneja atasema si mimi, watu watamshika Fundi mikono, na yeye ndiye atakayeonekana mwehu. Hapana. Alitaka Meneja aseme kwa kinywa chake, na aseme mbele ya watu.

Akakumbuka jambo moja. Meneja vitu vya Fundi hafungui. Alishasema waziwazi humo kundini: "Fundi, vichekesho vyako vina kutu kama geti lako. Mimi navipita tu." Watu walicheka. Fundi naye alicheka, kwa ujinga wa siku hizo.

Basi adhuhuri moja, watu wako makazini, Fundi akatupia kundini video ya mbuzi aliyeingia benki, akajipanga kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja, na foleni ikisogea naye anasogea. Mama Saluni akaweka kicheko kimoja. Jioni Dereva akamwaga video zake za ajali za baiskeli, mbuzi akazama chini kabisa.

Kesho yake dada akaituma video ileile kwenye namba ya duka la Meneja, kama mteja anayeulizia kava la simu. "Nisamehe, nilikuwa namtumia mwingine," akaandika. Meneja akamjibu kwa vicheko vingi. Kava hakumjibu.

Haikufika jioni.

"Amkeni, mbavu sina," Meneja akaandika kundini. "Hii imetoka jikoni sasa hivi, hata moshi haujaisha." Na mbuzi akaingia benki.

Fundi alikuwa ameshika simu mkononi. Akaandika neno moja: "Kiporo."

"Acha wivu, Fundi."

Fundi akaivuta ile ya jana, akaibandika. Kisha Dereva akafurika. "Mungu ni mkubwa! Leo ndiyo leo! Meneja kala kiporo!"

"Sikuiona hiyo," Meneja akaandika.

"Sheria haiulizi kama uliona," Mama Saluni akajibu. "Mimi nilivalishwa chura nikiwa na wageni wa posa ya binti yangu. Sikuona pia. Fundi, chagua. Mpe tumbili mwenye wigi, nakuomba."

Fundi aliandika polepole, kidole chake kinene kikikosea na kurudi. "Nataka aweke ile picha aliyonipiga makaburini siku tunamzika mama. Nzima. Asiikate."

Hakuna aliyecheka.

"Picha gani?" Meneja akauliza.

"Uliyotengenezea stika ya NIMEKWISHA. Ulikuwa umesimama chini ya mwavuli wa shangazi. Mwavuli umebaki kwenye kona, uangalie."

Mtu mmoja mmoja akaanza kwenda kuangalia. Fundi ni kama aliwaona, kila mmoja alipo, anaivuta stika kwa vidole. Mama Saluni ndiye aliyerudi wa kwanza. "Hii stika nimeituma mara ngapi mimi," akaandika. "Nilidhani ni mtu wa kwenye sinema. Meneja, ni wewe uliyeitengeneza?"

"Nilishaifuta ile picha."

"Kumbe ulikuwa nayo," akaandika Dereva.

Ndipo Meneja akaacha kuandika, akatuma sauti. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye chooni. "Kaka, ulikuwa utani. Niliitengeneza kwa ajili ya watu wangu wawili tu, sikujua itatoka. Nichagulie nyingine. Hata nguruwe nitavaa."

"Hiyo, au utoke," Fundi akaandika.

Picha ilipanda kabla giza halijaingia. Kumbe haikuwa imefutwa. Fundi aliifungua akiwa amesimama mlangoni pa karakana. Kamba, mikono ya wabebaji, jeneza limeinama kidogo upande wa miguu, na yeye mwenyewe magotini, mdomo wazi. Hapakuwa na mtu yeyote duniani ambaye angecheka kwa picha ile. Akaitazama mpaka giza likaingia, kisha akaenda kuoga.

Kuanzia asubuhi simu ya Meneja haikupumua. Mtu mwenye duka ana wateja, na wateja wana macho. Pole sana Meneja, ni nani? Tumeona jeneza, ni mzee? Msiba uko wapi tuje? Msambazaji wake wa simu alimpigia kumfariji. Wakwe zake walifika dukani wamejifunga vitambaa vyeusi, na ikabidi awaeleze kwamba aliyefariki si wa kwao, na walipouliza kwa nini basi amemuweka, akajikanyaga. Mama Saluni alimletea Fundi habari hizo moja moja, na Fundi alizila kama mtu aliyetoka kufunga.

Siku iliyofuata akaingia karakanani mama mtu mzima aliyevaa nguo za safari. Alikuwa mama yake Meneja. Jirani alimwonyesha picha, akapanda basi la alfajiri akidhani amefiwa na mjukuu. Nyuma yake alikuja Meneja mwenyewe, macho chini, kama ng'ombe anayevutwa.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema, akivua glavu.

"Marahaba, baba. Huyu ameniambia alichofanya. Nimemwambia aje aseme tena, wewe ukisikia. Sema."

"Mama, nishaongea naye kwenye..."

"Sema kwa mdomo. Kwenye simu kila mtu shujaa."

Vijana wa karakana ya jirani walikuwa wameacha kugonga. Meneja alisema. Alisema alimpiga picha mtu anayemlilia mama yake, akaigeuza kichekesho, kisha akaenda kula chakula cha msiba. Alilia kidogo aliposema, na uso wake ukakunjamana vibaya, na Fundi akauangalia vizuri, bila haraka, kila kona yake.

"Umesikia, baba," mama akasema. "Moyo wangu unadunda tangu jana. Wanaendelea kunipigia simu za pole huko kijijini. Mruhusu aitoe hiyo picha."

Fundi alimheshimu mama yule. Kama angeomba maji angempa kwa mikono miwili.

"Mama, wewe nakuomba radhi, kwa usumbufu wako," akasema. "Lakini wiki haijaisha."

Mama akamgeukia mwanawe, akamrekebishia kola ya shati kama anayempeleka shule. "Haya. Umesikia," akamwambia. "Twende nikakae hapo dukani kwako. Wakija na pole zao, utawajibu nikiwa nimekaa."

Walipotoka Fundi aliivaa miwani yake myeusi, akawasha mashine. Geti lilikuwa la mtu mkubwa na tarehe ilikuwa imekaribia. Alichomelea mpaka mchana bila kupumzika, na mshono ulitoka umenyooka.