Mtu Huyu Tayari Yumo

Ujumbe ulifika Kibuta Jumatano asubuhi. Uliingia kwenye simu ya Kulwa Shomari, na kwa kuwa simu hiyo ndiyo anayoitumia pia pacha wake, Dotto, waliusoma pamoja uani. "Kulwa Shomari Mwinshehe, umesajiliwa. Shamba lako ni ekari tano." Wakasubiri ujumbe wa pili. Haukuja.

Marehemu baba yao aliwagawia mwaka themanini na sita: Kulwa ekari mbili za upande wa kisima, Dotto ekari tatu zenye mikorosho. Dotto hakukaa sana shuleni, lakini mbili na tatu kuwa tano haihitaji mwalimu. Saa nne akanipigia kwa simu ya jirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Seifu, kaka yangu kanila."

"Kakula nini?"

"Shamba. Kalimeza lote na mikorosho yake, mchana kweupe, humo kwenye mtandao wako."

Mtandao wangu kweli. Ni mimi niliyewajengea wanakijiji mfumo wa kuorodhesha mashamba, na Jumamosi ya wiki ileile orodha ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ipitishwe, iende wilayani kwa ajili ya hati za kimila. Asiyesomwa siku hiyo anaanza kupeleka pingamizi. Pingamizi nazijua. Mwaka elfu mbili na nne jina la baba yangu halikusomwa kwenye orodha nyingine, ya karani mwingine. Nakumbuka mpaka shati la karani huyo, la kijani, lenye wino mfukoni. Shamba la baba likaandikwa pori. Alizunguka na barua zake kwenye mfuko wa nailoni miaka tisa, akafa nazo. Tangu hapo, kila nilipopewa nafasi ya kusema, msibani, kilabuni, kwenye mkutano wa kisima, nimesema jambo moja: orodha haikosei yenyewe. Jina likitoka, kuna mkono.

Kwa hiyo sikuwaza mara mbili. "Huo ni mkono wa mtendaji, shangazi. Nakuja."

Nikawasha pikipiki Kibaha, nikafika ofisi ya kijiji na vumbi mpaka kwenye meno. Mtendaji, Silvanus, ni mtu wa Kagera, mwaka wa tatu pale Kibuta. Alikuwa anakula chapati.

"Umemtoa Dotto kwa faida ya nani?" nikamuuliza kabla sijakaa. Na mengine nikaongeza, ambayo watu waliosimama mlangoni waliyasikia vizuri.

Akamaliza kutafuna. "Kaka Seifu, nenosiri unalo wewe. Mimi tangu Ijumaa hata kuingia nimeshindwa. Nimemtoa kwa kutumia nini, koleo?"

Mlangoni wakacheka. Akavuta jalada, akaniwekea mezani fomu ya Dotto, yenye dole gumba lake na jina la kijana aliyeiingiza kwenye kompyuta. Iliingizwa siku moja na ya Kulwa, dakika nne baadaye. Jina liliingia. Halafu likatoweka ndani.

Nilirudi Kibaha na hasira ileile, ila sasa sikujua niiweke wapi.

Chumba chetu cha kazi kiko Maili Moja, juu ya duka la vifaa vya umeme. Nafanya kazi na Stellamaris, aliyesomea kompyuta chuoni miaka mitatu. Mimi nilijifunza Mlandizi, kwenye kibanda cha kutengeneza simu, kwa vifurushi vya usiku na video za watu wasionijua. Siku hizi mfumo wa mtandaoni haujengwi kuanzia msingi. Unachukua fremuweki, yaani kiunzi ambacho watu wengine wamekwisha kukisimamisha, halafu unapachika moduli, vipande vilivyo tayari: hiki cha kuingilia, hiki cha ramani, hiki cha kutuma ujumbe. Hakuna aibu ndani yake. Fundi seremala naye hafui misumari. Kipande cha kutunza majina nilikitoa kwenye mfumo wa wateja wa maduka, kikakaa vizuri, na kazi niliyoipangia mwezi nikaimaliza kwa siku nane. Nilijisifu sana.

Stellamaris akafungua kumbukumbu za mfumo, akashuka nazo taratibu.

"Bosi, njoo uone."

Ilikuwa imeandikwa: Mtu huyu tayari yumo. Taarifa zimeunganishwa.

"Nani kaiambia iunganishe?"

"Imezaliwa hivyo. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya duka. Mteja mjanja anajiandikisha mara mbili kwa majina mawili ili apate punguzo mara mbili. Kwa hiyo yenyewe jina la kwanza hailiamini. Inaangalia jina la baba, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Vikifanana vyote, inasema ni mtu mmoja, inajumlisha alivyonavyo."

Jina la baba moja. Ukoo mmoja. Wamezaliwa siku moja. Simu moja. Huko ilikotoka moduli hiyo labda pacha hawaendi dukani. Mimi nimekulia kwenye mtaa ambao ukiita Kulwa wanageuka watatu.

"Masharti yake uliyasoma?" Stellamaris akauliza.

"Nilisoma jinsi ya kuipachika."

"Sikukuuliza hivyo."

Tukahesabu. Waliomezwa walikuwa kumi na mmoja. Wawili kutoka jozi mbili za pacha, waliobaki ni ndugu wazee waliowahi kuandikishwa wote tarehe moja Julai kwa sababu hakuna aliyeijua siku yake, na wanaochangia simu ya nyumbani. Majina tungeweza kuyarudisha kutoka kwenye fomu. Mipaka ya ndani hapana. Moduli ilikuwa imebakiza mzunguko wa nje tu, mpaka wa katikati ikaufuta. Ilibidi wapimwe upya.

Nasema kweli: nilitaka kunyamaza. Kuyarudisha majina kimyakimya, kukisia mipaka, Jumamosi isomwe, na Silvanus abaki na harufu ya tuhuma zangu.

"Na Kulwa?" akasema Stellamaris.

Kibuta kule Dotto alishahamisha vyungu vyake kwenda kwa jirani. Wifi yake alimsalimia, hakuitikiwa. Watoto kisimani walishamwimba Kulwa mwizi. Nikilirudisha shamba kimyakimya watasema alishikwa, akatapika. Angekufa na jina hilo.

Jumamosi mkutano ulikaa uwanja wa shule. Kabla orodha haijafunguliwa nikaomba kusema.

"Majina kumi na moja hayamo. Nilichukua kodi iliyoandikwa na mtu mwingine, nikaitumia bila—"

"Kodi?" mzee mmoja akanyanyuka na fimbo. "Ya kichwa imekwisha, sasa imekuja ya kompyuta?"

"Si ya kulipa, mzee wangu. Ni maandishi yanayoielekeza kompyuta cha kufanya."

"Sasa mbona mnayaita jina la kutisha watu?"

Wakacheka, nikawasubiri, nikaeleza yote: duka, punguzo, simu moja. Kulwa alikaa mbele kabisa, anatazama vidole vya miguu yake. Dotto akasimama kutoka upande wa wanawake.

"Seifu mwanangu. Hiyo mashine ina shamba?"

"Haina, shangazi."

"Inakula korosho?"

"Haili."

"Basi shamba langu ililitakia nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hapahapa kwamba jina likitoka kuna mkono. Leo mkono umekuwa wa kaka yangu, au wa mtendaji, hutaki kutuambia. Unatuletea mashine."

Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

"Mkono ni wangu."

"Ulitaka shamba langu?"

"Hapana."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka kumaliza mapema."

Dotto alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima nguo kwa macho kabla ya kuinunua. Silvanus akainua kalamu.

"Niandike hivyo kwenye muhtasari? Kwamba majina yalitolewa na Seifu kwa kutosoma?"

"Andika."

"Na yale uliyonitukana Jumatano?"

"Andika nayo."

"Hayo ni marefu," akasema, "yatakula daftari." Wakacheka tena, safari hii naye akacheka.

Mkutano ukakataa kupitisha orodha mpaka kumi na mmoja wapimwe, ukapanga kukaa tena baada ya wiki mbili. Moduli nilishaing'oa, na Stellamaris ameandika nyingine, fupi, isiyounganisha watu bila kuuliza. Lakini hakuna kipande cha kupachika kinachojua mpaka wa Kulwa na Dotto uko wapi. Hilo wanalijua wao wawili.

Tukaenda alasiri ileile. Walitembea mbele yangu, mmoja kushoto mmoja kulia kwa njia, hawasemezani. Kwenye mikorosho ya kwanza nikatoa simu ya kupimia, nikaomba mmoja anionyeshe.

"Aonyeshe yeye," akasema Dotto.

Kulwa akaenda mpaka kwenye jiwe lililozama nusu. Akasimama kidogo. Kisha akalipita, akapiga hatua tano, sita, kuelekea kisimani, ndani ya eneo lake mwenyewe. Akageuka.

"Hapa."

Dotto akashika kiuno. "Kulwa, hebu rudi kwenye jiwe. Usinipe chako. Nipe changu."

Kulwa akarudi kwenye jiwe. Nikabonyeza.