Korido Ndani ya Programu Tatu

Saa mbili na robo asubuhi, dada waliyemwita Korido alikuwa ameshavuka korido ya hospitali mara tisa, mkononi kadi za wagonjwa sita, kwapani picha ya eksirei ya mtu mrefu. Ndiyo kazi yake. Kompyuta ya mapokezi ilimjua mgonjwa kwa majina matatu, ya maabara kwa namba, ya famasi kwa kitanda, na hakuna iliyokuwa na habari na mwenzake. Korido ndiye aliyejua kwamba majina yale, namba ile na kitanda cha dirishani ni bibi mmoja yule yule. Alikuwa akiyabeba hayo kichwani mwaka wa saba sasa, kibarua vile vile. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikaa kwenye droo ya Katibu wa hospitali, ikingoja saini.

Siku hiyo kamati ilikaa kuchagua programu ya kuziunganisha kompyuta. Katibu hakumficha. "Mwanangu, programu ikiiweza kazi yako, barua naichana. Ikishindwa, nasaini leo leo."

"Sawa, mama," alisema Korido, akaenda kuleta chai.

Fundi wa kompyuta alikuja na programu tatu, zote huria. "Hizi ni za bure," alieleza. "Zimeandikwa na watu wa huko na huko duniani, kila mtu kipande chake. Na hazifichi kitu. Ukitaka kuona ndani, unafungua."

"Basi fungua," alisema mkuu wa maabara, mtu asiyenunua hata nyanya bila kuibonyeza.

Fundi akafungua ya kwanza. Ndani mlikuwa na korido ndefu, na Korido akitembea humo kwa kandambili, kadi mkononi, mshono wa bega umefumuka pale pale ulipofumuka wa huyu aliyeshika sinia.

"Ni yeye," alisema mfamasia, akikoroga chai.

"Ni yeye," Fundi alikubali. "Ila hii ya zamani kidogo."

Katika ya pili alikuwemo pia, akichechemea. Fundi alisema hitilafu hiyo inajulikana. "Ni kisigino," alisema Korido. "Kilinichanika mwaka jana."

Katika ya tatu alivaa raba nyeupe, na alikuwa anakimbia. Kona alizikata kwa mguu mmoja. Wakaijaribu: mapokezi waliandika majina matatu ya yule bibi, Korido wa ndani akayadaka, akazunguka mlango wa maabara kama pia ya watoto, na kabla mkuu wa maabara hajameza biskuti, printa ya famasi ilikuwa imeshatema karatasi ya dawa za kitanda cha dirishani.

Hapo Korido wa nje akahisi miguu myepesi. Akainuka sakafuni kiasi cha shubiri moja, na sinia lake, bila chai kumwagika.

"Shuka basi utupe sukari," alisema mfamasia.

"Siwezi, mama, mpaka amalize."

Fundi akawatia wagonjwa arobaini kwa mpigo. Yule wa ndani akaruka, akapiga vifijo, akateleza korido nzima kwa soli za raba. Huyu wa nje akapanda hadi darini, tumbo limejaa kicheko kama soda iliyotikiswa. Kicheko kikashuka kwa kamati. Mfamasia alijifuta machozi kwa ajenda. Mkuu wa maabara alicheka mpaka kifungo cha shati kikamtoka, kikatumbukia kwenye chai ya Katibu, naye akakitoa kwa kijiko na kumrudishia.

"Tunachukua hii ya raba," alisema Katibu. Akafungua droo.

Kicheko cha Korido kikakatika, ila hakushuka. "Mama, anayefanya kazi humo si ni mimi?"

"Ni wewe. Nani anabisha?"

"Basi programu haijaniweza. Saini."

Katibu akavaa miwani, akasoma masharti ya programu kwa sauti: kila kilichomo ndani ni bure, mtu yeyote atumie, anakili, arekebishe. Akavua miwani. "Na kilichomo ndani ni wewe, mwanangu. Kazi unaifanya wewe, kwa hiyo barua siwezi kuichana; na wewe ni wa bure, kwa hiyo siwezi kusaini." Akairudisha barua drooni taratibu, isikunjike.

Korido alifikiri kidogo, kichwa kimegusa bati la dari. "Kama mtu yeyote anarekebisha, mwekeeni huyo wa ndani kigoda apumzike."

Fundi aliwaandikia wale watu wa duniani. Baada ya siku tatu wakajibu kwamba ni wazo zuri na wamelipokea.

Tangu hapo, kila asubuhi foleni ikikolea, Korido huinuka. Wagonjwa husogeza viti visimgonge, akipanda hujichekea mwenyewe, na watoto humpungia mkono. Wiki ya pili Katibu alimpa kitambaa na ndoo ndogo.

"Kwa kuwa uko huko juu," alisema, "pangusa na hiyo feni."

"Sawa, mama," alisema Korido. "Izimeni kwanza."