Vipande Kwenye Misumari

Karakana ile ya makochi ilikuwa na nyundo za kutosha, cherehani mbili na gundi iliyonukia mpaka barabarani, lakini kilicholeta riziki, kila mtu alijua, ni mdomo wa mwenyewe. Tangu ujana wake walimwita Spika, kwa kuwa sauti yake ilitangulia mwili. Angali kona ya pili, nawe umeshajua leo kaamkaje. Hakuwa mtu wa kukuuliza kama unataka kochi. Alikusimamisha, akakusalimia, akakuuliza mgongo unaendeleaje, akajijibu mwenyewe kwamba hauendelei vizuri, na kabla hujakumbuka ulikuwa unakwenda wapi, umeshashikishwa ncha moja ya utepe wa kupimia.

Waliomshauri aweke bango aliwacheka. "Bango la nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Na maneno hayo aliyasema akiwa njiani, duka hadi duka, akijitembeza mchana kutwa. Mkewe, aliyekuwa akishona foronya nyuma ya karakana juu ya ndoo ya gundi iliyopinduliwa, alimsikia, akatabasamu, akakata uzi kwa meno.

Basi sauti ile ikaugua. Ilianza kukwaruza, mwishowe ikawa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari akaona kitu kooni, akakikata, akatoa amri: kwa miezi kadhaa asitamke neno, hata kwa kunong'ona. Akitii, huenda sauti itarudi, na huenda isirudi. Daktari alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayekisia mvua, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Spika akarudi karakana akiwa bubu. Wakampa kochi la majaribio pale kona, kipande cha plaiwudi na chaki ya kuchorea vitambaa, aandike anachotaka kusema. Aliandika sana siku za mwanzo. Lakini mzaha ukishaandikwa kwa chaki, mpaka msomaji aupate umeshapoa, na akicheka anacheka kwa adabu. Spika hakuwahi kuchekewa kwa adabu maishani mwake. Taratibu akaiweka chaki chini.

Mafundi waliobaki na kauli walikuwa wawili: mkewe, na mdogo wake huyo mke, fundi wa fremu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya. Jina lilimtosha. Spika alizoea kusema kwamba shemeji yake anatoa maneno kana kwamba yanatozwa ushuru. Ukimsalimia asubuhi, jibu linakuja na chai ya saa nne.

Wateja wakapungua. Makochi yaliyoagizwa yakaisha kushonwa, yakachukuliwa, na pale yalipokuwa yakisubiri pakabaki sakafu tupu. Spika aliitazama sakafu ile akashikwa na hofu ya kweli. Kama mdomo ndio uliokuwa duka, basi duka limefungwa, na mkewe na shemeji yake watakula nini? Hofu ya pili hakuiandika kwenye plaiwudi, maana ilimtia aibu. Je, karakana ikiendelea bila mdomo wake, yeye ni nani hapo?

Mkewe hakukaa akalia. Alimketisha mdogo wake, akaanza kumfundisha maneno ya Spika, neno kwa neno, na Spika mwenyewe akasimamia kwa mikono: hapa inua sauti, hapa konyeza. Kimya akayakariri yote, jasho likimtoka. Kisha akapeleka kochi kwa mwenye saluni, akalishusha sebuleni, akasimama wima na kusema, "Kochi hili ni imara. Hata mama mkwe akilikalia mwezi mzima, atachoka yeye kabla halijachoka lenyewe."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na mabegi yake. Alikuwa amekuja kukaa mwezi mzima.

Kimya aliporudi kueleza, kwa sentensi chache na uso wa msiba, Spika alicheka bila sauti mpaka akashika koo. Mkewe naye alicheka. Ila ndani ya kicheko cha Spika mlikuwa na furaha ndogo isiyo njema: mmeona? Hamuwezi bila mimi. Mkewe aliyaona hayo machoni mwake. Aliacha kucheka, akarudi kwenye ndoo yake, akashona akiwaza.

Mwanamke huyu, na tuseme ukweli, alikuwa na kichwa cha ajabu. Hakukumbuka wateja kwa majina, aliwakumbuka kwa vitambaa. Kuna nyumba ya maua ya njano, nyumba ya mistari ya kahawia, nyumba ya bluu inayochuja. Kwa miaka yote aliyoshona nyuma pale, kila mteja mpya alipoingia, alimsikia akisema ametumwa na nani. Sasa akayapanga hayo kichwani kama anayepanga vipande vya foronya, na mshono ukaonekana. Siku moja akamwambia mumewe alichokiona.

"Watu hawaletwi na mizaha yako," alisema. "Nisamehe, lakini ndivyo. Wa maua ya njano alituletea dada yake, akatuletea na jirani. Kwa nini? Kwa sababu kila ukipita njia ile ulikuwa unaingia kwake, unakaa kwenye kochi lake, unakunywa chai. Kifungo kimelegea, unakikaza. Nyumba zote zilizotuletea mtu ni zile ulizorudi kukaa. Ng'ambo ya daraja tumepeleka makochi mangapi? Hujawahi kupita huko, na huko hajatoka mtu."

Spika akachukua chaki. Akaandika: NILIKUWA NAFUATA CHAI.

"Najua," mkewe akasema. "Hukujua kama ni kazi. Ndiyo maana uliifanya ukijisikia tu."

Maneno hayo yalimchoma Spika. Miaka yote alidhani ana kipaji, sasa anaambiwa alikuwa na kiu ya chai, tena kiu yenyewe ilikuwa haivuki daraja. Aligeuza uso ukutani, akanuna kama mtoto aliyenyang'anywa filimbi. Mkewe alimwacha anune. Alikuwa na misumari ya kupigilia.

Alipigilia misumari mitatu mikubwa kwenye ubao karibu na mlango. Kila kochi likikamilika, hubaki kitambaa, na masalio ya miaka yote alikuwa nayo. Akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitundika kwenye msumari wa kwanza. Hilo ni kochi lililofika nyumbani kwa watu. Likishakaliwa mwezi hivi, siku ya Jumatano, ambayo kazi huwa nyepesi, kipande kinachukuliwa na mtu anakipeleka kwa mguu kwenye nyumba lilipo kochi, iwe jirani au ng'ambo ya daraja. Akifika anakaa kwenye kochi. Anauliza, "Mnakaaje?" Kisha ananyamaza. Kilicholegea anakikaza, bure. Akiaga anauliza jambo moja tu: "Nani mwingine unamjua anakaa vibaya?" Akirudi, kipande kinahamia msumari wa pili. Nyumba ile ikileta mtu, kipande kinahamia wa tatu, na hapo mkewe anashona mto mdogo kwa kitambaa kile kile na kuupeleka kwa asante. Mto ukishafika, kipande kinarudi msumari wa kwanza, safari inaanza upya.

"Na ukisahau?" Kimya aliuliza, na kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

"Ukisahau, kipande kitakuwa kinakutazama."

Jumatano ya kwanza Kimya alitoka na vipande mfukoni kama anayepelekwa mahakamani. Spika alimtazama akienda, akatikisa kichwa. Mtu asiyejua kuongea anakwenda kuongea na watu! Lakini Kimya alirudi mchana, akamweleza dada yake, na Spika akategea sikio. Kwa mwalimu mstaafu alikaa, akauliza, akanyamaza kama alivyoelekezwa. Mwalimu akasema wanakaa vizuri, asante. Kimya akaendelea kunyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza tangu kuzaliwa. Ukimya ulipozidi, mwalimu akasema, "Ila kuna kitu kinalia hapa upande wangu. Sikutaka kumsumbua yule mzee, alikuwa anafurahi sana." Kimya akainama, akasikiliza, akakuta springi imeachia. Akaifunga. Mwalimu akamtaja mkwewe ambaye ndio kwanza amepata nyumba.

Spika alikaa na habari hiyo siku nzima. Alikuwa amelikalia kochi la mwalimu yule mara nyingi, na springi ilikuwa ikilia chini yake, naye anaongea juu yake. Kila nyumba aliuliza "mnakaaje?" na kila nyumba alijijibu mwenyewe kwamba mnakaa kifalme.

Vipande vikaanza kuhama. Kwanza kimoja kimoja, kwa kusuasua, na kuna nyumba ambazo hazikuleta mtu hata baada ya kukaliwa na Kimya mara mbili. Lakini daraja likavukwa. Sakafu tupu ikapata kochi, ikapata jingine, mpaka binti wa dada yao akaitwa kushika cherehani ya pili, naye Jumatano zake akazijua bila kufundishwa mzaha hata mmoja. Hapo Spika alishindwa kununa. Alikaa pale kona akimtazama mkewe anavyohamisha kipande kutoka msumari hadi msumari, kwa vidole vyenye alama za sindano, na alimstahi kuliko alivyowahi kumstahi mtu. Yeye alikuwa na mdomo mmoja, nao umekufa. Mkewe amewapa watu wote wa karakana mdomo usiougua. Lakini hofu ile ya pili haikuondoka, na sasa ilikuwa imepata jibu ambalo hakulipenda. Karakana inakwenda. Yeye anakaa.

Jumatano moja mkewe aliwahi karakana, Spika akabaki nyumbani kusubiri muda wa daktari. Mara akasikia hodi. Alipofungua alikuta Kimya, viatu vimefutwa, na mkononi ana kipande cha kitambaa cha kijani kilichopauka. Spika alikitambua. Ni cha kochi lake mwenyewe, la kwanza alilolitengeneza, wiki chache kabla hajaoa.

"Dada amekitundika," Kimya alisema. "Naomba kukaa."

Akakaa. "Mnakaaje, shemeji?"

Kisha akanyamaza. Spika alitaka kucheka, akatafuta plaiwudi, akakumbuka iko karakana. Kinyozi hajinyoi, ndivyo wasemavyo, naye hakumbuki mara ya mwisho aliyoligusa kochi hili. Ukimya ukaingia chumbani, ukakaa nao. Hapo akausikia mwili wake mwenyewe: ulikuwa umezama upande mmoja, kwenye shimo alilolichimba kwa miaka ya kukaa. Akagonga pale kwa kiganja. Kimya akaligeuza kochi, akakaza mikanda ya chini, akabadilisha sponji, akaligeuza tena. Spika alipokaa, alihisi ameinuliwa. Machozi yalimjia. Kumbe hivi ndivyo watu walivyokuwa wakijisikia aliporudi kwao.

Kimya akasimama kuaga. "Nani mwingine unamjua anakaa vibaya?"

Swali hilo lilikuwa la kazi, na Kimya aliliuliza kama anavyoliuliza popote. Lakini Spika aliliwaza kweli, maana ndiyo mara ya kwanza kuulizwa jambo na kuachiwa nafasi ya kuliwaza. Na aliyemjia kichwani alimfanya ainamishe uso. Akamshika shemeji yake mkono, akamchorea hewani umbo la ndoo iliyopinduliwa.

Kimya alielewa. Akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo daktari alimulika koo, akaridhika, akamruhusu maneno machache kwa siku, kwa sauti ya chini. Kwa miezi yote Spika alikuwa ameutunza mzaha mmoja mkubwa kwa ajili ya siku hiyo, wa kutangazia mtaa kwamba amerudi. Njiani kutoka hospitali alikutana na watu wa kutosha wa kuusikia. Aliwapungia mkono akapita.

Wakaifanya kazi ile wawili, yeye na Kimya, mkewe alipokuwa akipeleka mito ng'ambo ya daraja. Kimya alikata fremu. Spika alipima urefu wa ndoo, akapima na urefu wa meza ya cherehani, akajua kwa nini mkewe huinuka kila mara ameshika kiuno. Alikuwa amepima viti vya nusu ya mji, na kipimo hiki kilikuwa nyuma ya mgongo wake. Alikivika kiti kitambaa imara cha rangi ya udongo, akabakiza kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitundika kwenye msumari wa kwanza.

Mkewe aliporudi, alikiona kipande kwanza. "Hiki cha nani? Mbona sikijui?" Ndipo akakiona kiti, pale ilipokuwa ndoo. Alikizunguka. Akakigusa mgongo. Akakaa polepole, mtu asiyezoea kuegemea, mwishowe akaegemea.

Haikuwa imepita hata chembe ya mwezi, lakini Spika hakuweza kuingoja Jumatano. Akavuta ndoo, akaketi mbele yake.

"Unakaaje?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, sauti ya mtu mwingine.

Mkewe akaitazama ile midomo kwa mshangao, macho yakajaa machozi. "Vizuri," akasema. "Nakaa vizuri."

Jibu la kumjibia lilikuwepo ulimini mwake, tamu, tayari kabisa. Spika akalimeza. Akanyamaza, akamtazama, akasubiri, hata Kimya kule kwenye fremu akasimamisha nyundo.

"Mgongo," mkewe akaanza, baada ya muda. "Ulianza kuniuma mwaka ule tulipohamia hapa."

Spika akaisogeza ndoo karibu zaidi, akamsikiliza.