Borghild Ndani ya Kioo

...basi apeni, magoti, apeni kwa kahawa na mkate kwamba hamtamwambia mtu, Borghild akayaapisha magoti yake mwenyewe huku akijishusha polepole kwenye benchi la kile kituo kipya cha basi, cha kioo, dakika moja tu, halafu nanyanyuka, nani ataona, na mdomo ukamsaliti papo hapo, “Uwii, raha!” akasema kwa sauti njia nzima isikie, maana benchi lilikuwa na joto, joto la umeme la kampuni ya matangazo, likampanda mapajani taratibu kama supu... na jina lake ndilo la kwanza kwenye karatasi ya kijiji, hatukai kwenye kioo, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kalamu, jana tu kamkaripia jirani yake Oddny kwa kusimama hapa kufuta miwani, “Leo unafuta, kesho utakaa, nakujua mimi!”... kwa sababu baraza la wilaya limesema saa nne asubuhi atakuja mtu na basi, akikuta kioo kitupu, kampuni itang'oa vyuma vyake na kituo cha mbao kitabaki, akikuta hata mmoja amekaa, Jumatatu mbao zinakwenda motoni... saa nne kasorobo, muda upo... na kile cha mbao kile pale, hatua thelathini, kimeinama kama mzee anayesikiliza umbea, na umbea kimeusikia, Mungu wangu, mimba zote za fyodi hii, mkono huu wa bahari, zilijulikana pale kabla hazijajulikana kanisani... mwaka wa hamsini na nane walikijenga kwa kazi ya pamoja, kila nyumba ubao mmoja, na hadi leo mtu huegemea ubao wa kwao, ukileta mbovu utaegemea mbovu maisha yako yote, kijana Torleiv akaleta wenye tundu, kijiji kizima kikacheka, upepo ukawa unapiga mluzi palepale mgongoni, na yeye, msichana wa miaka kumi na minane, akaacha ubao mzuri wa baba yake akaenda kukaa kwenye ule wa tundu... “Hapo pana baridi, dada.” “Basi ziba.” Akaziba kwa bega lake, akaendelea kuziba miaka hamsini na mmoja, na tangu mumewe huyo azikwe Borghild huchomeka glavu ya sufu tunduni, haizibi kitu, upepo unapita tu... eh, matako yana moto, mgongo je? Akaegemea, mgongo ukateleza kwenye kioo, nyuma yake mwanamke wa tangazo anakula aiskrimu kwa meno yote thelathini na mawili, wa nyumba gani huyu, na hapa ubao wa kwetu ni upi... joto hili halimuulizi mtu ametoka kwa nani, lingempasha vivyo hivyo mbwa, lakini ule mluzi, ule mluzi ulikuwa unamuita... kumbe asubuhi zote hizi alidhani anaogopa baridi, kumbe baridi ile ndiyo iliyombakia ya Torleiv, ukiuchoma ubao ule ataihisi wapi... nyanyuka, mwanamke! Magoti, haya, twende! Magoti yameshanogewa, yamelewa joto kama paka, na kule kwenye kona taa za basi hizo, mapema, lini basi la hapa liliwahi kufika mapema, na kutoka nyumba ya kanisa majirani wanateremka kumpokea mgeni na vafeli zao, vile vimkate vya moto, na jibini ya kahawia, wote, na kioo ni kioo, hakina kona hata moja ya kujibanza...

“Shoga,” Oddny alisema akiwa amesimama mbele yake na sahani, “ni wewe huyo au ni tangazo?”

Hakuna aliyecheka. Mlango wa basi ukafunguka, akashuka kijana wa baraza na karatasi yake, akainama kwa adabu. “Bibi, kiti kizuri?”

“Kina joto,” Borghild akasema, kijiji kizima kikimtazama kutoka pande zote nne, “lakini mgongo hauna pa kwenda.”

Kijana akaandika: mmoja.