Ufa kwenye Bwawa la Shunpei

Mume wangu Shunpei alifariki mwezi wa nne, theluji ikiwa bado haijayeyuka nyuma ya banda. Alikuwa anapakia chakula cha samaki kwenye gari, moyo ukasimama. Alituacha mimi na baba yake, na bwawa la zege alilokuwa amelijenga mwaka uliotangulia.

Tunafuga koi, samaki wa mapambo, kama nyumba nyingine zote za bonde hili. Kiangazi samaki wanakaa kwenye madimbwi ya udongo huko juu mlimani. Majani yakianza kupukutika tunawashusha na kuwaweka bandani kabla theluji haijafunga njia, nao wanabaki humo hadi ardhi ionekane tena. Bwawa lile jipya la bandani Shunpei alilijengea samaki mmoja hasa, jike mkubwa mweupe mwenye mabaka mekundu, wa ukoo ulioanzishwa na babu yake. Sisi tulimwita Bibi tu.

Mwezi wa nane ardhi ilitetemeka. Halikuwa tetemeko kubwa, vikombe viwili vitatu vilianguka jikoni. Asubuhi tukakuta ufa kwenye ukuta wa bwawa, mwembamba, umeshuka kutoka juu hadi karibu na chini kabisa, na maji yanachuruzika upande wa nje.

Nilimwita Ebina, fundi wa zege aliyemsaidia Shunpei kujenga. Walikuwa marafiki tangu shule. Alipitisha ukucha wake juu ya ufa, akasema, "Msiuguse. Utajiziba wenyewe."

"Utajiziba wenyewe!" akasema baba mkwe wangu, mzee Tokuji. "Na mimi nitarudi kuwa kijana mwenyewe?"

"Mzee, mwanao alinilazimisha nichanganye dawa kwenye zege. Humo ndani kuna bakteria wamelala, na chakula chao kipo pembeni. Maji yakiingia kwenye ufa wanaamka, wanakula, wanaacha chokaa ngumu. Hiyo chokaa ndiyo inajaza ufa."

"Kwa hiyo kafuga samaki majini na wadudu ukutani."

"Ndiyo, mzee. Kafuga kotekote."

"Na wewe ukamkubalia."

"Wewe ulishawahi kumkatalia Shunpei ukaweza?"

Mdomo wa Baba ulicheza kidogo, kama anataka kutabasamu. Sikuwa nimeuona ukicheza tangu mazishi.

Ebina alituambia tuache bwawa na maji, tuongeze yanapopungua, tusubiri. Baba alikubali kwa shingo upande. Jirani yetu Wakui alikuwa ameshasema yuko tayari kumchukua Bibi, na sote tulijua maana yake. Bibi akienda kwa Wakui atataga kwa Wakui, na watoto watakuwa wa Wakui.

"Majani yakiisha na maji bado yanatoka," Baba alisema, "Bibi aende. Na hili tulivunje."

Tukasubiri. Maji yaliendelea kupungua. Kila nilipoutazama ule ufa ulikuwa safi, mweusi, kama mstari wa kalamu. Ebina alikuja, akakuna kichwa, akaenda zake. Nikaanza kufikiri kwamba Shunpei alidanganywa na muuza dawa, na wazo hilo liliniuma kuliko ufa wenyewe.

Asubuhi moja niliwahi bandani kuliko kawaida. Nikamkuta Baba amesimama ndani ya bwawa, maji ameyapunguza hadi magotini, brashi mkononi. Alikuwa anasugua ukuta polepole kutoka juu kwenda chini, kisha anaumwagia maji kwa kata, anasugua tena. Hivyo ndivyo huku kwetu tunavyoosha jiwe la kaburi tukienda kumzuru marehemu.

"Baba, unafanya nini?"

"Inatoka tena hii. Angalia, nyeupe. Naitoa, baada ya siku mbili tatu imerudi." Hakugeuka. "Chokaa inaua samaki, Natsue. Hata mtoto wa hapa anajua."

Ni kweli, anajua. Zege jipya lina ukali. Unajaza bwawa unamwaga, unajaza unamwaga, mpaka ukali utoke, ndipo unatia samaki. Weupe ukutani kwetu ni adui. Baba na Shunpei walikuwa wamefanya kazi hiyo pamoja bwawa lilipokuwa jipya.

"Baba, huo weupe ndio dawa yenyewe."

Brashi ikasimama. "Ndio nini?"

"Ndio ile chokaa aliyosema Ebina. Umekuwa ukiifuta."

"Yeye alisema chokaa ngumu! Hii laini kama unga."

"Inaanza laini."

Aliweka kiganja juu ya ufa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo yeye anaziba, mimi nafungua." Najua alikuwa anamsema mwanawe, si wale bakteria.

"Toka, Baba, maji ni baridi. Tujaze, halafu tukae tu."

"Nikae? Tangu aondoke sijaweza kukaa."

"Hata mimi," nikamwambia.

Nikampa mkono, akapanda. Tukafungua bomba.

Baada ya hapo alikuja kila asubuhi na chai yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Weupe ukarudi, ukanenepa, ukawa kama kovu. Ebina akapima ukali wa maji, akasema hauna neno.

Lakini majani yaliisha kabla ufa haujamaliza. Siku Wakui alipokuja na gari lake lenye tangi, chini ya ukuta kulikuwa bado na unyevu upana wa sahani. Wakui aliinama akaugusa.

"Mzee Tokuji, hapa panavuja."

"Panamalizia," akasema Baba.

"Na theluji ikija?"

"Tutaongeza maji kwa ndoo. Natsue ana mikono, na mimi ninayo."

"Kwa hiyo nimekuja bure?"

"Bure kwa nini? Lete tangi lako, twende mlimani tukamshushe. Langu lina kutu."

Wakui alicheka mpaka akashika ukuta, akatusaidia. Jioni ile Bibi aliingia bwawani, akazunguka kwa wasiwasi, akagusa kila kona kwa mdomo, kisha akatulia chini. Baba akaniomba nizime taa ili samaki apumzike. Tukabaki tumesimama gizani kwa muda, tukisikiliza kama kuna maji yanayotoka. Nilisikia pumzi za Baba tu.